Mkono Mmoja Haulei Mwana: Kisa cha Bingwa wa Barafuni

Ndugu msomaji, uko mchezo wa nchi za baridi uitwao kalingi, ambao mtu anayeuona katika televisheni kwa mara ya kwanza aghalabu hucheka. Mtu mzima anateleza juu ya barafu akisukuma jiwe, na wenzake wawili wanalitangulia jiwe hilo wakifagia kwa nguvu zao zote, kana kwamba mgeni yupo mlangoni na nyumba bado haijafagiwa. Huko Kanada, hata hivyo, mchezo huu una heshima kubwa, na miongoni mwa mabingwa wake yumo mwanamke ambaye maisha yake yana mengi ya kutufaa sisi wazazi. Jina lake Sandra Schmirler.

Tuueleze kwanza mchezo wenyewe, maana bila ya kuufahamu hatutaufahamu ubingwa wake. Jiwe ni la graniti, lina mpini juu yake, na uzito wake unakaribia kilo 20. Uwanja wa barafu una urefu wa mita 45 hivi, na mwishoni mwake yamechorwa maduara ambayo wachezaji huyaita nyumba. Kila timu ina watu wanne, na kila mmoja hutupa mawe mawili katika kila duru. Mawe 16 yakiisha, timu ambayo jiwe lake limekaa karibu zaidi na kitovu cha nyumba ndiyo inayopata alama.

Lakini siri ya mchezo imo katika mafagio. Ufagio ukisugua barafu, barafu hupata joto kidogo, ukinzani hupungua, na jiwe huenda mbali zaidi na kupinda kidogo zaidi. Aliyelitupa hana tena uwezo juu yake mara liachapo mkono wake. Kulifikisha jiwe nyumbani ni kazi ya wale wanaofagia.

Sandra alizaliwa tarehe 11 Juni 1963, akakulia Biggar, mji mdogo wa jimbo la Saskatchewan, nchi ya mashamba ya ngano na baridi kali. Katika miji ya namna hiyo ukumbi wa kalingi ni baraza la watu wakati wa majira ya baridi. Alisomea elimu ya viungo katika chuo kikuu, kisha akaajiriwa katika kituo cha michezo na mapumziko mjini Regina. Tulitambue hilo vyema: katika siku zile kalingi haikuwa kazi ya kumlisha mtu. Mchezaji alikwenda kazini asubuhi kama watu wengine, na mazoezi aliyafanya katika saa zilizosalia.

Mwaka 1990 yeye na rafiki yake Jan Betker waliunda timu yao, wakajiunga nao Joan McCusker na Marcia Gudereit. Sandra akafanywa nahodha. Haikuchukua muda mrefu matunda yakaonekana. Mwaka 1993 walitwaa ubingwa wa Kanada, kisha wa dunia mjini Geneva. Mwaka uliofuata walivitwaa vyote viwili kwa mara nyingine, ule wa dunia ukiwa Oberstdorf, Ujerumani.

Mwaka 1995 na 1996 taji la Kanada lilikwenda kwa wengine. Wanawake hawa walikuwa katika umri wa kuzaa na kulea, na wapo ambao wangeona kwamba huo ndio mwisho wa habari yao. Wao hawakutengana. Mwaka 1997 waliurejesha ubingwa wa nchi yao, wakachukua na ubingwa wa dunia wa tatu huko Bern, Uswisi.

Mwezi Septemba mwaka huohuo Sandra alijifungua binti yake wa kwanza. Ilipofika mwishoni mwa Novemba, hata miezi mitatu haijatimia, alikuwa barafuni mjini Brandon katika mashindano ya kuitafuta timu ya Kanada ya Olimpiki. Katika mchezo wa fainali alikabiliwa na hali ngumu: jiwe la wapinzani limekaa ndani ya nyumba, na njia ya moja kwa moja ya kulifikia haipo. Akalitupa jiwe lake likagonga jiwe lililokuwa pembeni, likageuza mwelekeo, likaingia kati na kulitoa la wapinzani. Timu yake ikapata alama tatu kwa mpigo mmoja, ikashinda 9 kwa 6. Mpigo huo unasimuliwa Kanada mpaka leo.

Februari 1998, katika Olimpiki ya Nagano, Japani, medali za kalingi ya wanawake zilishindaniwa rasmi kwa mara ya kwanza. Katika nusu fainali timu ya Sandra iliponea chupuchupu mbele ya Uingereza, kwani ilibidi iongezwe duru ya ziada. Katika fainali iliishinda Denmark 7 kwa 5. Dhahabu ya kwanza ikawa yao.

Binti wa pili alizaliwa mwaka 1999. Baada ya uzazi huo mama alisumbuliwa na maumivu yasiyokoma, na madaktari walipochunguza walikuta uvimbe wa saratani nyuma ya moyo. Alifanyiwa upasuaji na matibabu mazito. Februari 2000, mwili ukiwa umedhoofu, alikwenda Moncton kutangaza katika televisheni mashindano ya vijana. Huko aliwaeleza waandishi wa habari kwamba katika ugonjwa wake lengo la kwanza alilojiwekea lilikuwa kuiangalia familia yake, na kwamba sasa amejua kuwa kushindwa mchezo si mwisho wa dunia. Tarehe 2 Machi 2000 alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka 36. Mazishi yake yalioneshwa moja kwa moja katika televisheni ya taifa.

Waliobaki hawakuridhika na machozi peke yake. Mwaka 2001 ilianzishwa taasisi kwa jina lake, nayo mpaka sasa huzisaidia hospitali za Kanada kupata vifaa vya kuwatunzia watoto wachanga waliozaliwa kabla ya wakati au wakiwa mahututi. Mama aliyeacha watoto wawili wadogo anakumbukwa kwa kuwaokoa watoto wa wenzake.

Ndugu msomaji, wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Kisa hiki kinatuonesha kwamba mkono huo mmoja haufikishi hata jiwe. Sandra alikuwa na kipaji, lakini kipaji cha mama mwenye kazi ya kuajiriwa na mtoto wa kunyonya hakifiki popote pasipo watu wa kumsafishia njia. Katika familia zetu wamo wenye vipaji: binti mwepesi wa hesabu, mke aliyeanza biashara ya ushonaji, kijana anayetaka kurudi masomoni. Wengi wetu hupenda kusimama ukingoni na kuelekeza kwa sauti kubwa, kisha kulaumu jiwe linapokwama njiani. Wanaoinama na kushika ufagio ni wachache.

Basi kila mmoja na aitazame nyumba yake wiki hii. Ni nani humo ambaye jiwe lake limekwisha kuondoka mkononi na linaanza kupungua mwendo? Pengine anachohitaji ni saa mbili tu jioni, mtu mwingine akiwa amembeba mtoto na kusimamia chungu kilichopo jikoni. Tumpe saa hizo maadamu tunaye.