Kombe la 1967 na Hesabu Zake

Kila yanapotajwa hapa Lubumbashi makombe matano ya Afrika ya Tout Puissant Mazembe, lile la kwanza, la mwaka 1967, aghalabu hupitwa kwa haraka, kana kwamba msemaji anachelea kuulizwa lilipatikanaje. Nami naona hofu hiyo haina msingi, kwa kuwa hesabu za fainali ile, zikitolewa zote pasipo kufichwa hata moja, zinawatukuza wachezaji wale kuliko neno bingwa likiachwa peke yake.

Klabu wakati huo ikiitwa Englebert, kwa jina la kampuni ya matairi, ilisafiri hadi Kumasi kukabiliana na Asante Kotoko mbele ya umati wa Waashanti, ikatoka huko bao 1 kwa 1. Marudiano yakafanyika Kinshasa, wala si hapa Katanga, hata mpenzi wa timu aliyekaa katika mitaa ya Lubumbashi ya Kamalondo au Kenya akawa mbali na uwanja wa nyumbani kwa mamia ya maili. Matokeo yakawa 2 kwa 2. Dakika mia na themanini zikaisha, kila upande una mabao 3, na sheria ya kupigiana penalti bado haijazaliwa, kwani iliidhinishwa mwaka 1970. Msomaji asidhani kwamba taabu hii ilikuwa ya Waafrika tu: mwaka 1968 Italia iliingia fainali ya Ulaya kwa kurushwa sarafu, baada ya kutoka sare na Umoja wa Kisovieti. Kwetu iliamriwa mechi ya tatu huko Kamerun, Kotoko hawakutokea, na kombe likapewa Englebert.

Wako wanaohoji, na hoja yao si ya kipuuzi, kwamba kwa kanuni ya mabao ya ugenini Kotoko, waliofunga 2 Kinshasa, wangalimpiku Englebert aliyefunga 1 Kumasi. Hesabu hiyo ni sahihi. Hukumu ndiyo isiyo ya insafu, maana kama kanuni hiyo ingalikuwa inatumika katika shindano lile, mechi ya tatu isingaliamriwa, na mchezaji anayejua kwamba bao la ugenini lina uzito wa ziada hachezi kama yule asiyejua. Ni ajabu kumpima mtu kwa mizani ambayo siku ile haikuwapo sokoni.

Lakini inanipendeza zaidi kulitazama shindano la 1970, timu hizo mbili zilipokutana tena katika fainali. Kumasi ikawa 1 kwa 1, vile vile kama kwanza. Kinshasa Kotoko wakashinda 2 kwa 1. Jumlisha michezo yote minne: Kotoko mabao 6, Englebert 5, na mpaka mchezo wa nne hakuna aliyemshinda mwenzake. Katikati Englebert walikuwa wameshatwaa kombe la 1968 kwa kuifunga Étoile Filante ya Lomé 5 kwa 0, kisha kupoteza 4 kwa 1 ugenini, wakiwa wa kwanza kulitetea kombe hilo, na wakacheza fainali ya 1969 pia, waliposhindwa na Ismaily ya Misri. Fainali nne mfululizo hazipatikani kwa bahati ya mpinzani kukosa safari.

Kwa hiyo wanaoandika orodha za makombe yetu ningewataka, kando ya 1967, waandike 1–1, 2–2, na mechi ya Kamerun isiyochezwa.