Mkopo Hauponyi Mnyauko

Tumeambiwa na mwandishi mmoja kwamba mkulima wa Njombe hahitaji watafiti: apewe mkopo, mengine atayamaliza mwenyewe shambani.

Atayamaliza vipi? Mnyauko bakteria wa viazi mviringo hauna dawa ya kupuliza. Hukaa udongoni na husafiri ndani ya mbegu, hata ndani ya kiazi kinachoonekana kizima kabisa. Mkulima asiyejua pa kupata mbegu safi, ukimkopesha milioni, atanunua ugonjwa mwingi zaidi na kubaki na deni juu yake. Mbegu safi haioti benki. Nyuma yake kuna kazi ya miaka ya vituo vya utafiti kama TARI Uyole, Mbeya, ya kuchagua na kupima aina zinazozifaa nyanda hizi za baridi.

Eti utafiti unachelewa! Kiazi chenyewe hukaa ardhini miezi mitatu hadi minne, ilhali mkopo wa marejesho ya kila wiki humgongea mkulima wa Makambako mlango kabla hata hakijachipua. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imevitambua hadi vikundi vya vicoba, lakini haiwezi kukikomaza kiazi. Nani atapanga marejesho yafuate msimu, kama si aliyeupima msimu wenyewe? Mwandishi yule hilo hakulijibu, wala hakuliuliza.