Lori Likilala, Nani Alisinzia?

Kwa miaka mingi lami ya kutoka Nairobi ilikomea Isiolo. Kutoka hapo hadi Moyale, mwendo wa takriban kilomita 500, njia ilikuwa ya mawe na vumbi, na mvua ikinyesha, matope. Lori lilitoka zima, likarudi halina springi. Katika miaka ya 2010 lami ilifika Moyale na mashimo yakafukiwa, lakini lugha iliyozaliwa mashimoni haikufukiwa. Madereva na mautingo wangali nayo, na vijana wa bodaboda wameirithi.

Tuitazame lugha hiyo, ndugu msomaji. Lori likipinduka, dereva hasemi limepinduka, husema limelala. Tena breki hazikuharibika, bali zimekataa, mithili ya punda mkaidi. Ukisikiliza hayo utadhani chombo kina roho na hiari yake, na dereva maskini alikuwa abiria tu.

Hapo ndipo wenziwe humtoa kimasomaso. Lori lililala, sawa. Je, nani alisinzia kwanza? Na kijana wa bodaboda aliyepiga mweleka mbele ya steji huulizwa lami ya leo ina chumvi ya kutosha au iongezwe. Atacheka, wenziwe watacheka, na kwa siku kadhaa hataitwa kwa jina lake.

Wako wanaochukizwa na mzaha huu. Hutukumbusha kuwa mzaha mzaha hutumbua usaha, na kwamba barabarani watu hufa. Ni kweli. Lakini mimi naona kuna maneno ya heshima yenye madhara makubwa kuliko mzaha. Sisi waandishi wa magazeti huandika kwamba gari "lilipoteza mwelekeo". Gari halina mwelekeo wa kupoteza. Mwenye mwelekeo ni mtu. Sentensi yetu ina adabu, nayo humfichia aibu dereva aliyekesha usukani, na humfichia zaidi tajiri aliyemtuma safari ya pili kabla hajalala. Mzaha wa steji haufichi. Humwambia mtu kosa lake usoni, mbele ya mashahidi, wala asiwe na haki ya kununa.

Wazee wetu waliijua siri hii wakaiita utani. Wanyamwezi waliochukua mizigo ya misafara hadi pwani katika karne ya 19 walitaniana na Wazaramo, na mtani aliweza kusema lile ambalo ndugu hathubutu. Lakini haki hiyo ilikuwa na bei. Mtani yule yule aliyekucheka, siku ya msiba ndiye aliyekuwa mbele kushughulikia mazishi.

Na sharti hilo ndilo la kuangaliwa Isiolo. Kwanza mkono, kisha ulimi. Mwenzako akianguka, muinue, umpe pole, uisukume pikipiki yake hadi kwa fundi. Baada ya hapo mcheke mpaka mbavu ziume. Anayecheka akiwa amesimama kando, au anayetoa simu apige picha ilhali mtu avuja damu, huyo si mtani. Huyo ni mzandiki.

Liko na jambo la pili. Isiolo ni mji wa Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu, na umewahi kumwaga damu kwa ajili ya malisho na mipaka. Watu hao wakitaniana stejini hutaniana kwa Kiswahili, lugha ambayo hapana hata mmoja kati yao awezaye kumwambia mwenziwe kuwa ni ya kwao peke yao. Mtu uliyemcheka jana kwa kutumbukia mtaroni, naye leo akakucheka kwa kukatikiwa na mnyororo, ni vigumu kumwona adui kesho.

Basi wanaotaka kuwanyamazisha vijana hawa wawaache wacheke. Watakaopaswa kunyamaza ni wale wasionyosha mkono. Nasi waandishi, lori litakapolala tena, tuulize kama wanavyouliza wao: nani alisinzia, na nani alimnyima usingizi?