Dansi ya kushikana si mali ya wageni



Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu uchezaji wa dansi hapa kwetu Tabora.

Mji huu una sifa kubwa katika dansi. Ndipo zilipotoka Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz aliyoiimbia Shem Karenga. Wachezaji wa enzi hizo walishikana wawili wawili wakazunguka ukumbi mzima bila kukanyagana. Lakini siku hizi nenda harusini uone. Maharusi wanayumba kama walevi, macho chini, wanatafuta miguu! Ukiwauliza vijana, wanajibu kwamba dansi ya kushikana ni ya Wazungu, sisi hatukuumbiwa mizani hiyo.

Sikubaliani nao hata kidogo. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walitembea mamia ya kilometa kutoka hapa hadi Bagamoyo, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi. Hata leo mtazame binti anayetoka kisimani na ndoo kichwani. Shingo imenyooka, mabega yametulia, magoti ni laini, macho yako mbele. Kila hatua, uzito wote unahamia mguu mmoja kabla ya ule wa pili kuinuka.

Huo ndio ufundi wenyewe wa dansi, iwe rumba, chacha au waltz. Mchezaji anayeuacha uzito katikati ya miguu miwili hajui mguu upi ufuate, ndipo anapomkanyaga mwenzake au kumning'inia. Kila mtu abebe uzito wake mwenyewe. Mkono ni wa kuelekezana, si wa kuegemea.

Mazoezi yake hayana gharama. Simama kwa mguu mmoja, hesabu hadi 30, kisha badili. Halafu tembea na daftari kichwani, mbele na nyuma, polepole, kwani polepole ndiko kugumu. Ukishaweza, shikana na mwenzako mfanye hivyo hivyo bila muziki. Muziki uje mwisho.

Wapo watakaosema huu ni upuuzi wa starehe. Nawajibu kwamba mzee akianguka mara moja tu anaweza kuvunjika nyonga asiinuke tena, na mazoezi ya mizani ya mwili hupunguza kuanguka.

Kwa hiyo nawaomba maofisa utamaduni wa wilaya na walimu wenzangu tuwaalike wazee waliocheza dansi waje shuleni katika vipindi vya sanaa na michezo. Wanapungua kila mwaka. Tukizidi kungoja tutawazika pamoja na ufundi wao, kisha tutawalipa wageni watufundishe kutembea.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Sikonge, Tabora.