Kabla hujanunua nyumba iliyokwisha kuongezwa vyumba

Mwezi uliopita nilikuwa mpakani Mugina nikirejea kutoka Kasulu, nilikokwenda kumjulia hali shangazi yangu. Kwenye foleni ya forodha nilijikuta nyuma ya mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge na sabuni, ambaye mwanawe nilimfundisha miaka iliyopita. Baada ya salamu akanitupia swali: "Mwalimu, nimepata nyumba Mabanda. Ilikuwa ya vyumba viwili, mwenyewe kaongeza vitatu nyuma pamoja na stoo. Njia hiyo hiyo kuna nyingine ya vyumba viwili tu, na bei yake ni kama nusu ya ile. Nichukue ipi?"

Foleni ilikuwa inasogea, nikamjibu kwa mkato: chukua ile ndogo, uongeze mwenyewe. Alinitazama kama mtu anayejiuliza iwapo mwalimu anamwonea kijicho. Ndiyo maana naandika leo, ili nimjibu kama inavyostahili, na pamoja naye wasomaji wengine waliorudi kutoka uhamishoni au wanaoishi kwa kuvuka mpaka, kwa maana naona swali hili limekuwa la wengi.

Wazazi wangu walikimbia mwaka 1972. Mimi nilizaliwa Mishamo, nikasomea huko kwa Kiswahili, na nilirudi mwaka 2009 nikiwa mtu mzima anayeijua nchi yake kwa kusimuliwa. Shamba la baba tulikuta limekaliwa, na baada ya mvutano wa miezi mingi tuligawana nusu kwa nusu mbele ya Bashingantahe. Kwa hiyo mtu akinieleza uchungu wa kukuta mwingine amejenga juu ya ardhi yako, hanifundishi kitu. Nilidhani hivyo, walau.

Mwaka 2017, baada ya kupangisha kwa miaka minane mjini Nyanza-Lac, mimi na mke wangu tulinunua nyumba. Ilikuwa imeongezwa vyumba viwili na stoo upande wa nyuma. Tulifurahi mno. Watoto walikuwa wanne, na kila mmoja alikwisha kujichagulia pa kulala kabla hatujamaliza kulipa. Karatasi za mauziano zilikuwepo, mashahidi walikuwepo, na muuzaji alikuwa mtu wa maneno matamu. Kitu kimoja hatukuuliza: vyumba vile vya nyuma vilijengwa lini, na siku ya kuchimba msingi, jirani wa nyuma alikuwa wapi?

Jirani wa nyuma alikuwa kambini Nduta. Alikimbia na familia yake mwaka 2015, na muuzaji wetu akajenga huku upande wa pili hakuna mtu wa kusimama mpakani na kusema hapana. Mwaka 2019 mzee yule alirudi. Hakuja na matusi wala polisi. Alibisha hodi, akakaa, akanywa chai, kisha akasema, "Mwalimu, nakuheshimu, lakini stoo yako imelala kwangu. Na kile chumba cha pembeni, nusu yake."

Nilikasirika, nisiwafiche. Nilitoa karatasi zangu. Zilitaja nyumba, zikataja bei, lakini kwa upande wa vipimo zilisema tu "kiwanja na vilivyomo". Bashingantahe walipokuja na kamba, tulikuta tumeingia kwa mzee zaidi ya mita mbili. Wengine walinishauri nipeleke kesi mahakamani, kwa vile mzee hana fedha na atachoka mapema. Huenda walikuwa wanasema kweli. Lakini usiku ule sikupata usingizi, kwa sababu maneno hayo hayo ndiyo aliyoambiwa yule aliyekalia shamba la baba: subiri, hawa wakimbizi watachoka.

Tulibomoa. Tulipong'oa sakafu ya stoo tulikuta chini yake vigogo vya minyaa vilivyokatwa, vimepangana mstari mmoja ulionyooka. Ndio uliokuwa mpaka wenyewe. Aliyejenga alijua vizuri alichokuwa anakifanya, na mimi nililipa fedha taslimu kwa kazi hiyo. Muuzaji tulipomtafuta, simu yake haikupatikana tena.

Kwa hiyo hoja yangu si kwamba nyumba iliyoongezwa ni mbaya. Ninachosema ni kwamba katika nchi ambayo watu wameondoka na kurudi mara nyingi kama yetu, ugomvi wa ardhi hupenda kujificha ndani ya nyongeza. Nyumba ya mwanzo mara nyingi ina historia inayojulikana na kilima kizima. Kile kilichoongezwa baadaye kinajulikana na aliyekiongeza na fundi wake. Ukinunua nyumba ndogo ukaongeza mwenyewe, wewe ndiye utakayemwita jirani siku ya kupima, na asipokuwepo utajua kwamba hayupo.

Wapo watakaonipinga, na wana sababu. Mama yule wa vitenge halali nyumbani siku tatu mfululizo. Nani atamsimamia fundi? Mfuko wa saruji usiposimamiwa hupata miguu, na mchanga unaoletwa kama lori zima ukipimwa huwa nusu. Na fundi akijua bosi yuko Kigoma hadi Ijumaa, kazi huanza Alhamisi. Tena watoto wanahitaji chumba sasa, si baada ya miaka minne. Haya yote ni kweli, na kwa mtu wa safari nyingi nyumba iliyokamilika inaweza kuwa nafuu hata kama bei yake ni kubwa. Ila bei ya kweli haijui mpaka amefanya kazi ambayo sisi hatukuifanya.

Kazi yenyewe haihitaji elimu kubwa. Ukienda kuitazama nyumba, nenda wakati wa mvua, na uanzie nyuma. Tazama pale ukuta mpya unapokutana na wa zamani. Fundi mwaminifu huingiza matofali mapya ndani ya ukuta wa zamani kozi kwa kozi. Mvivu huegemeza tu ukuta kwa ukuta kisha anapiga plasta juu, na plasta hiyo huonyesha ufa uliosimama wima kutoka chini hadi juu. Omba ruhusa uchimbe kidogo kando ya msingi, hapa kwenye nyumba ya zamani na pale kwenye nyongeza. Utashangaa ni vyumba vingapi vya kulala vilivyoanza maisha kama jiko la nje, vikiwa na msingi wa jiko. Kisha inua macho kwenye bati. Ukiona matundu ya zamani pembeni ya misumari mipya, ujue bati hilo lilishaezeka nyumba nyingine kabla ya hii. Angalia pia maji ya paa yanamwagikia wapi, maana yakimwagikia kwa jirani umenunua nyumba pamoja na ugomvi wake.

Halafu karatasi. Tangu sheria ya ardhi ya mwaka 2011, tarafa zinaweza kutoa cheti cha ardhi, na cheti hicho hutolewa baada ya watu kufika uwanjani na majirani kusikilizwa. Muulize muuzaji: cheti hiki kilitolewa kabla ya nyongeza au baada yake? Kama ni kabla, vipimo vyake vilinganishe na kuta zilizopo leo, kwa kamba, si kwa macho. Na tangu mwaka 2025, mikoa ilipopunguzwa kutoka 18 hadi 5 na tarafa nyingi kuunganishwa, uliza pia daftari la tarafa ya zamani liko ofisi gani sasa, ulione mwenyewe. Picha kwenye simu ya dalali si daftari.

Kwa wenzangu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika kuna jambo la ziada. Sheria ya maji ya mwaka 2012 inataka mita 150 kutoka ziwani bila ujenzi. Nimeona nyumba ambazo zenyewe ziko mbali vya kutosha, lakini nyongeza zake zimeteremka kuelekea ufukweni, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na nafasi. Mwaka 2024 ziwa lilipopanda, tuliona kilichowapata waliojenga karibu na maji. Muuzaji wa nyumba kama hiyo atakuonyesha upepo mzuri wa jioni.

Sisi wenyewe, baada ya kubomoa, tuliongeza upya chumba kimoja ndani ya mpaka wetu. Ilituchukua zaidi ya miaka mitatu. Kiangazi cha kwanza tulifyatua na kuchoma matofali. Kiangazi cha pili tulichimba msingi kwa kina kile kile cha nyumba ya zamani, tukauacha upigwe na mvua za msimu mzima ujikalie kabla ya kupandisha ukuta. Majirani walicheka, wakasema mwalimu amejenga kaburi. Bati tulilinunua moja moja, kila mshahara. Hapo nikajifunza jambo ambalo wafanyabiashara wa mpakani wanalijua kuliko mimi: mwezi Mei 2023 faranga ilipopunguzwa thamani, akiba yetu ndogo ya benki ilinyauka mara moja, lakini matofali yaliyokuwa yamepangwa uani yalibaki vile vile.

Mzee wa nyuma ndiye aliyeshika ncha ya pili ya kamba siku ya kupima. Tulipanda minyaa mipya pamoja, na sahihi yake imo kwenye karatasi yetu pamoja na ya mke wangu, ambayo safari ya kwanza haikuwemo kwa sababu nilidhani yangu inatosha.

Mama wa vitenge nimempigia simu tangu siku ile. Bado anaipenda ile yenye vyumba vitatu nyuma, na simlaumu. Nilimuuliza jirani wa upande wa nyuma ni nani. Akanyamaza kidogo, akasema kuna nyumba imefungwa kufuli, wenyewe hawajulikani walipo. Jumamosi tunakwenda Mabanda pamoja kuwatafuta ndugu zao, na kamba yangu ya mita 30 nimekwisha kuitia kwenye mkoba.