TAHARIRI: Kopo Lililovimba Si Riziki Wala Si Sadaka

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, maafisa wa serikali wanapoingia dukani na kuondoka na maboksi ya vyakula vya makopo vilivyoharibika, haraka husikika lawama kuwa mnyonge ameonewa. Sisi tunaona jambo hili lipimwe kwanza kwa mizani ya Sharia.

Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 iliipa TFDA mamlaka ya kukagua, kukamata na kuteketeza chakula kisichofaa. Tangu Julai 2019 usimamizi wa usalama wa chakula umo mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Kazi hii si ngeni katika Uislamu. Imam Muslim amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye lundo la chakula, akatia mkono ndani, akakuta unyevu. Mwenye mali akajitetea kwa mvua. Mtume akamuuliza mbona hakuweka kilicholowa juu watu wakakiona, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Tuzingatie: mtu yule hakulaumiwa kwa kunyeshewa, alilaumiwa kwa kuficha. Ni katika misingi kama huu wanazuoni walieleza kazi ya hisba na kumpa muhtasib usimamizi wa masoko.

Kopo ni hatari kuliko lundo lile, kwa kuwa mnunuzi hawezi kutia mkono ndani. Vijidudu vya botulinamu huishi pasipo hewa, na sumu yake hulegeza misuli hadi pumzi ikakatika. Wala si lazima chakula kibadilike harufu au ladha. Mwaka 2016 sumukuvu katika mahindi iliua watu 20 Dodoma na Manyara, nao walikula wakidhani wanakula chakula chao cha kila siku. Basi anayefuta tarehe kwenye kopo, au kuuza lililovimba kwa bei ya chini, amemuuzia Muislamu mwenzake asichokijua.

Lipo baya zaidi: bidhaa iliyokwisha muda kupelekwa madrasa au kwa mayatima ikaitwa futari. Suratul Baqara, aya ya 267, inakataza kuchagua kibovu ili kitolewe. Asichokila mtoaji, yatima asilishwe.

Hasara ya mwenye duka tunaijua. Lakini mtaji hurudi, na roho hairudi. Nao maafisa wakumbuke kuwa wamebeba amana: waandike walichokamata, wakiteketeze mbele ya mashahidi, lisirudi hata kopo moja sokoni wala lisiingie nyumbani mwao. Kinyume cha hayo ni dhulma iliyovikwa sheria.

Tunawausia wenye maduka wa Mjimwema wakague rafu zao kabla ya kukaguliwa, wanunuzi wasome tarehe, na maimamu walitaje jambo hili katika khutba. Mkaguzi wa serikali huja siku moja na kuondoka; Allah (S.W.) haghafiliki.

Wabillahi Tawfiq.