Marundo ya matawi ziwani yasiwe mali ya wachache



Ipo kero ambayo sisi wavuvi wadogo wa Ghuba ya Speke, Ziwa Victoria, tumeisema mwaloni kwetu mpaka tumechoka. Kuna watu wanakata miti ukingoni mwa ziwa, wanafunga matawi mafungu mafungu, wanayafungia mawe na kuyazamisha kwenye maji ya kina kifupi ili samaki wajikusanye. Baada ya hapo eneo lote linalozunguka linahesabiwa kuwa lao. Ukitega jirani unafukuzwa. Ukipita usiku, kwa kuwa hakuna boya wala alama yoyote, wavu wako unanasa na kuchanika, na hasara ni yako peke yako.

Sipingi uzamishaji wa matawi wenyewe. Mti uliolala majini huota utando wa mwani, na mwani huo ni chakula cha sato. Wadudu wanaoishi humo huliwa na samaki wengine, na vifaranga hupata pa kujificha sangara anapowawinda. Kazi hiyo tangu zamani ilifanywa na matete na mafunjo ya ukingoni, ambayo sehemu nyingi yamefyekwa ili watu walime. Mtu akitaka kuwarudishia samaki maficho, nitakuwa wa kwanza kumshika mkono.

Lakini kuvuta samaki si kuzalisha samaki. Rundo la matawi linaweza kuwakusanya mahali pamoja samaki waliokuwa wametawanyika ghuba nzima bila kuongeza hata mmoja. Faida au hasara yake inategemea nani anavua hapo, lini na kwa zana gani. Kwetu wanasubiri samaki wazoee, kisha wanalizungushia rundo kokoro, wanatoa matawi na kuvuta kila kilichomo. Kokoro limepigwa marufuku, na sato wa chini ya sentimita 25 haruhusiwi kuvuliwa, lakini ndoo zinapanda mwaloni mchana kweupe zikiwa zimejaa sato wa ukubwa wa kiganja.

Sato si samaki wa kuchezewa hivyo. Jike hubeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe, na vifaranga wakitishwa hukimbilia humohumo mdomoni mwa mama yao. Anayemvua jike huyo kwenye maficho yake anaondoka na kizazi kizima. Dume naye huchimba kiota kwenye mchanga wa maji mafupi, na hapo ndipo miti iliyokatwa inapohusika. Ukingo usio na mizizi hubebwa na mvua, na tope hushuka na kufunika viota. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kuharibu ukingo wa ziwa ndani ya mita 60. Hao wanaokata miti wanaikata hatua chache tu kutoka majini, na hakuna aliyewauliza.

Yanayotupata yamewapata wengine. Katika Ziwa Nokoué nchini Benin, wavuvi wamekuwa wakisimika matawi majini kwa vizazi vingi, na wanayaita akaja. Samaki wanapatikana kwa wingi, hilo halina ubishi. Lakini ziwa liligawanywa vipandevipande, wasio na akaja wakabanwa, ugomvi ukazuka, miti ya ukingoni ikakatwa, na matawi yaliyooza yakachangia kujaza tope ziwani. Huko Ivory Coast watafiti walijaribu kutumia mianzi badala ya matawi ya miti. Na katika bwawa la Table Rock, jimbo la Missouri nchini Marekani, miti inazamishwa kwa mpango wa mamlaka zinazohusika, kisha mahali ilipo panatangazwa ili kila mvuvi apajue. Kumbe inawezekana kuyafanya marundo haya yakawa ya wote.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne. Kwanza, mtu yeyote asizamishe rundo bila kibali cha uongozi wa mwalo na ofisa uvuvi, na kila rundo liandikwe na kuwekewa boya linaloonekana. Mali bila daftari hupotea bila habari. Pili, aliyeweka matawi asipewe umiliki wa maji. Rundo liwe la mwalo mzima, na zana iwe ndoano au nyavu za macho yanayoruhusiwa. Tatu, maeneo ambayo sato huzaliana yabainishwe na yaachwe kabisa, yasizamishiwe tawi wala kuvuliwa. Nne, miti ya ukingoni isiguswe. Anayetaka kuzamisha matawi atumie mianzi au matawi ya miti aliyoipanda shambani kwake.

Haya hayahitaji fedha nyingi wala sheria mpya. Sheria ya Uvuvi ipo tangu mwaka 2003, kanuni zake zipo tangu 2009, na vikundi vya usimamizi wa mialo vimeundwa kwa kazi hii hii. Kinachokosekana ni wahusika kusimama imara mbele ya wenye mitumbwi mingi kama wanavyosimama mbele yetu wenye mmoja. Mvuvi mdogo akikutwa na wavu wa macho madogo, unachomwa siku hiyo hiyo. Kokoro la tajiri linakauka juani mbele ya kila mtu.

Tunataka mkutano wa hadhara mwaloni, ofisa uvuvi awepo, wenye marundo wawepo na sisi wenye nyavu zilizochanika tuwepo, kanuni zisomwe na kila rundo lisilo na kibali litolewe majini. Majibu tuyapate hapo, mbele ya wavuvi wote.

Mvuvi wa nyavu,
Ghuba ya Speke
(Jina limehifadhiwa)